Taa ya Mashineni

3 Juni

Baba Tuli,

Usishangae kupata barua kutoka kwa mke mwenye simu. Jana ulinifokea, na najua hukunifokea kwa hasira. Ulikuwa umesimama karibu na mashine ya kusaga, ukadhani na mimi nimesimama karibu nayo. Halafu simu ya hapo lazima iwekwe sauti kubwa ndipo isikike, kwa hiyo nilichotaka kukuambia wewe kingesikiwa na mama mkwe, na kaka yako Fundi, na kila mteja aliyekuja na debe lake. Nimezima simu. Dereva wa lori la unga anapita hapa kwa dada kila safari. Nimempa hii akupe mkononi.

Mguu wa dada bado uko kwenye plasta. Anasogea kwa kiti, anatoa amri kwa nyumba nzima.

Nyumba yake ni kimya, Baba Tuli. Mtu akifungua bomba chumba cha pili, unasikia. Siku tuliyofika Tuli alikaa sakafuni na mfuniko wa sufuria, anauzungusha, unalia, unalala, anauzungusha tena. Dada akamwita, "Tuli! Njoo kwa mama mkubwa." Kimya. Akamwita tena. Kimya. Dada akanigeukia.

"Huyu mtoto anaitwa nani vile?"

"Tuli."

"Yeye anajua?"

Nikacheka. Kisha nikamwita mimi, nikiwa nyuma yake, karibu hata ningeweza kumgusa nywele. Hakugeuka. Ndipo nilipogundua kwamba tangu azaliwe sijawahi kumwita kwa mdomo nikasubiri aitike. Pale kwetu hakuna anayemwita mtu kwa mdomo.

Ana miaka miwili na zaidi. Tumemwita Tuli kwa sababu hasumbui. Sasa naogopa hilo jina.

Mkeo

6 Juni

Mama Tuli,

Barua imefika, na mama ameshaniuliza mara ngapi sijui imeandikwa nini. Nimemwambia dada yako anaomba unga.

Dada yako amevunjika mguu, sasa anatafuta mtu wa kumvunja moyo. Asianzie kwa binti yangu. Mtoto anasikia. Nimemwita mimi mwenyewe tangu alipoanza kukaa, na hajawahi kukosa. Nazima taa, nawasha, anageuka. Marehemu baba alituita hivyo, mimi na Fundi tunaitana hivyo hadi leo, na wewe mwenyewe ulipoolewa hapa wiki ya kwanza tu ulishazoea. Mtu akiona taa imepepesa anajua anaitwa. Wateja huniambia, "Bosi, huyo binti ameshaijua kazi."

Sasa mtoto uliyemlea kwa taa unamwita kwa mdomo nyuma ya kisogo, kisha unashika tama. Jaribu taa, uone.

Kuhusu kuongea, mama anasema hata mimi nilichelewa, na leo nani ataninyamazisha? Ila anasema ulimi wa Tuli utazamwe, huenda umeshikwa na uzi kwa chini. Kuna mzee upande wa sokoni anaukata kwa wembe, kazi ya dakika moja. Tutazungumza ukirudi. Rudi mapema. Nyumba bila nyinyi imekuwa kama ghala.

Baba Tuli

9 Juni

Baba Tuli,

Nimejaribu taa. Swichi ya chumba cha dada iko nje, ukumbini, kwa hiyo nilisimama huko na dada akabaki ndani kutazama. Nikazima, nikawasha. Dada akapiga kelele, "Amegeuka!" Nilifurahi nikakaa chini palepale. Nikasema mume wangu alikuwa sahihi, kesho nafungasha.

Kisha nikaingia ndani nikamwita kwa jina, na hakuna kitu.

Anasikia, hilo nakubaliana na wewe. Nikifungua pakiti ya biskuti jikoni anakuja mbio kwa ncha za vidole, unajua anavyotembea. Lakini anakuja kwa biskuti, haji kwangu. Akitaka maji hanionyeshi kikombe kwa kidole. Anashika mkono wangu anaupeleka kwenye kikombe, kama wewe unavyochukua spana, na uso wangu hautazami. Jirani ana mtoto mdogo kuliko Tuli. Juzi alimletea dada mende aliyekufa, akamwonyesha, akasubiri apige yowe. Nilijiuliza ni lini Tuli aliniletea kitu ili nikione tu. Nilikaa nikifikiri mpaka maji ya chai yakakauka.

Na lile neno lake, "taa". Alilisema mwaka jana, wote tukapiga makofi. Mara ya mwisho kulisikia ni lini?

Sasa nikuambie nililokuficha. Nilimpeleka kliniki kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Nesi alimpima masikio, ni mazima. Akakaa naye chini sakafuni muda mrefu, akaniuliza maswali. Akatamka neno usonji. Hakusema Tuli anao. Alisema kuna watoto ambao ubongo wao umepangwa tofauti tangu wakiwa tumboni. Wanasikia na wanaona, ila kutazamana na watu, kuitika na kuongea haviji kwao vyenyewe kama kwa wengine. Siyo ugonjwa wa kuambukiza, na hautokani na malezi. Akasema dalili zinaonekana mapema kwa anayejua pa kutazama, na mtoto akianza kusaidiwa akiwa mdogo anafika mbali zaidi. Kuhusu ulimi alisema hivi: hata kama kuna uzi, uzi haumzuii mtoto kugeuka anapoitwa.

Daktari wa watoto wa namna hii anakuja kliniki Alhamisi tarehe 22. Asipomwona siku hiyo, hatujui atarudi lini. Wanataka wazazi wote wawili, kwa sababu baba naye anaulizwa. Njoo.

Kuna swali moja nilishindwa kulijibu. Nilimwambia nesi habari ya taa yako, akaniuliza, "Akigeuka, anatazama nini?" Sikujua, na hata nilipojaribu hapa nilikuwa ukumbini, na dada aliona tu kichwa kimegeuka. Kwa miaka yote wewe ndiye umesimama kwenye swichi. Nijibu.

Mkeo

12 Juni

Mama Tuli,

Unaniuliza anatazama nini! Ananitazama mimi, baba yake. Amtazame nani mwingine, meneja wa benki?

Kwa hiyo ulikwenda kliniki kwanza, mumeo akaambiwa baadaye. Sawa. Nesi amekaa na mwanangu mara moja amemjua kuliko sisi tuliolala naye chumba kimoja. Sawa tu.

Unamkumbuka yule kijana wa nyuma ya ghala la magunia? Watoto walivyomfuata wakimwimbia, na mama yake akawa anamfungia ndani mchana kutwa mpaka wakahama? Naye alianza kwa kupewa jina na watu wa koti jeupe. Jina likishatoka mdomoni mwao halirudi. Mimi nasimama mlangoni pa mashine, watu wote wa mtaa huu wanapita mbele yangu. Nitawajibu nini?

Tarehe 22 sitakuja. Mashine haiwezi kusimama, unajua mwenyewe wateja wakikuta imezimwa siku moja wanahamia kwa jirani moja kwa moja.

Lakini tusigombane kwa karatasi. Nimetulia sasa. Jumamosi Fundi atapita huko kwenu kununua mkanda mpya wa mashine, huu wa sasa umeanza kuchanika. Mpokeeni vizuri, alale, na mama amempa nguo chache za Tuli awaletee.

Baba Tuli

14 Juni

Shemeji,

Ni mimi, wa mguu mmoja. Barua zako nazisoma, usimlaumu mdogo wangu. Sina kazi nyingine, na mwandiko wako unasomeka hata kutoka upande wa pili wa meza.

Nina swali dogo. Mtaa huu nimekaa tangu nikiwa kigori. Kuna duka la vioo, duka la majeneza, la viatu vya mitumba, na mtu mmoja anayetengeneza redio. Duka la mikanda ya mashine haliko. Halijawahi kuwako. Fundi, ambaye ndiye fundi, hajui hilo?

Na tangu lini mama yako akamtumia mtoto nguo siku chache kabla hajarudi nyumbani? Nguo za kuvaa huku, au za kuvaa njiani?

Wewe huwa unanitania na mimi nakutania, tumeishi hivyo vizuri. Leo sitanii. Kama kuna mtu anakuja mlangoni kwangu kwa jambo lingine, sema ni jambo gani. Nina gongo la kutembelea na mkono wangu haujavunjika.

Shemeji yako

16 Juni

Baba Tuli,

Dada ameniambia alichokuandikia. Sikutaka kuamini, kwa hiyo nimesoma barua yako upya, na kila nikifika pale uliposema umetulia, narudi mwanzo. Wewe hutulii hivyo. Wewe ukitulia unanuna kwanza.

Kama Fundi anakuja kumchukua Tuli apelekwe kwa mwenye wembe, mlango hautafunguliwa. Nasema hivi nikijua maana yake kwa mke kuandika hivi kwa mumewe. Sijakukimbia. Nguo zangu zote ziko kabatini, nenda kaangalie. Nitarudi na mtoto wako, lakini nitarudi baada ya tarehe 22.

Unaogopa watu wa mtaa watamwitaje. Mimi naogopa kwamba ataitwa miaka na miaka na sisi tutasema mbona hasumbui.

Hujajibu swali la nesi. Umenitania tu.

Mkeo

17 Juni, Jumamosi

Mke wangu,

Naandika nimekaa juu ya gunia na dereva ananihimiza. Sijui kama barua hii itafika kabla ya Fundi. Ameondoka na gari la asubuhi. Nimempigia, na simu yake ikalia hapa hapa juu ya meza, ameisahau kwenye chaji. Simu yako umezima. Kwa hiyo namtegemea dereva. Nimemwambia asishushe mzigo wowote njiani.

Fundi haji huko kununua mkanda. Nimemtuma amchukue Tuli, kwa ubaya au kwa uzuri. Mama ameshapanga na yule mzee wa wembe iwe Jumatatu hii. Nilimwambia Fundi, ukifika sema babu yake mdogo anaumwa. Usimpe mtoto. Kama yuko hapo mlangoni, mpe barua hii aisome.

Sasa nikueleze kilichotokea. Fundi alipoondoka tu alikuja mteja, yule mama mnene anayebishana kila siku kuhusu pumba. Amemleta mwanawe, mtoto wa kutambaa, akamkalisha juu ya magunia matupu. Nilitaka kumwita mama huyo aje achukue unga wake, nikazima taa, nikawasha.

Mtoto aligeuka. Akaitazama taa kidogo, kisha macho yake yakashuka. Yakapita ukutani, yakatafuta, yakanipata mkono kwenye swichi, kisha yakapanda mpaka usoni kwangu. Akanitazama. Nikazima na kuwasha tena. Akacheka, akamgeukia mama yake kama anayemwambia, muone huyu, kisha akarudi kwangu kuona kama nitafanya tena. Nikafanya tena. Nilifanya mpaka mama yake akauliza kama umeme unataka kukatika.

Niliondoa mkono kwenye swichi.

Tuli hafanyi hivyo. Tuli anageuka, anainua kichwa, anaitazama taa. Anabaki huko. Mimi nilikuwa nikija kumbeba na macho yake yanapita juu ya bega langu yakiifuata taa, nami naringa kwa wateja kwamba ameitika. Kila siku nimeona, na sikujua ninachokiona. Kama nisingekuwepo, kama umeme ungepepesa wenyewe, angegeuka vile vile.

Mwambie nesi jibu ni hilo. Anatazama taa.

Nitakuja Jumatano. Mwambie shemeji aweke gongo chini.

Mumeo

19 Juni

Baba Tuli,

Imefika. Haikumtangulia Fundi, ila imefika.

Fundi alikuja Jumamosi mchana. Dada alimsemesha dirishani. "Shemeji, mkanda umepata?" Akasema babu mdogo anaumwa, mtoto anatakiwa aonane naye. Dada akamwambia, "Babu mdogo yupi? Yule tuliyemzika pamoja?" Nilimwonea huruma, hajui kusema uongo, alibaki anafuta viatu kwenye mkeka wa mlangoni kama mtu aliyealikwa.

Kisha akakasirika. Akasema mtoto ni wao, atasimama hapo mpaka mlango ufunguliwe. Akaanza kugonga. Nilikuwa nimembeba Tuli, nikasema kwa sauti, akigonga hivi majirani watakuja na nitawaeleza habari ya wembe. Nikamfungulia kidogo ili asikie vizuri, na hilo lilikuwa kosa, akaingiza mguu.

Tuli akateremka mikononi mwangu akarudi kwenye mfuniko wake. Fundi akachuchumaa mbele yake. "Tuli. Tuli, mtazame baba mkubwa." Akamwita vizuri, kwa upole, mpaka nikaona jasho limemtoka. Hakutazamwa. Ndipo akauchukua mfuniko, kumtania tu, ili amtazame.

Hujawahi kuiona hali ile, kwa sababu pale kwetu hakuna anayemnyang'anya kitu. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto. Akajitupa, akapiga kichwa sakafuni, na nilipomshika akawa mgumu kama ubao. Fundi akaurudisha mfuniko mkononi mwa Tuli haraka kama umemuunguza. Tuli hakutaka tena. Ilichukua muda mrefu. Dada alisema tuzime redio, tufunge pazia, tusimsemeshe, na polepole akarudi.

Tulipotazama, Fundi alikuwa ametoka mwenyewe, amekaa kwenye ngazi za nje, kichwa kati ya magoti. Hapo ndipo lori likaja, dereva anapiga honi tangu kona. Nilisoma, nikampa Fundi. Aliisoma mara mbili. Akasema, "Ndugu yangu ameandika yote haya bila kupiga kelele?" Kisha akasema taratibu, "Na mimi nimemwita kwa ile taa."

Amelala hapa siku mbili. Ametengeneza bawaba ya mlango aliyoilegeza. Anarudi na lori hili na barua hii, na anasema atamwambia mama yeye mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye kipenzi chake.

Njoo Jumatano. Ukija, usimbebe kwanza. Kaa chini sakafuni.

Mkeo

28 Juni

Baba Tuli,

Ulivyoondoka Ijumaa Tuli alikwenda mlangoni akasimama hapo. Simaanishi kwamba alikutafuta, huenda alikuwa anatazama bawaba aliyoitengeneza Fundi. Nakuandikia tu kwamba alisimama.

Najua linakusumbua tangu daktari alipotamka kwamba Tuli ana usonji. Niliona ulivyomuuliza kama ni mashine iliyomharibu, na alivyokujibu hapana, na ulivyomuuliza tena. Siyo mashine. Siyo wewe, siyo mimi, wala si kuchelewa kwa ukoo wenu kuongea. Mtu akikuambia vingine, mjibu kwa maneno hayo hayo ya daktari.

Tunakwenda kila asubuhi kwa yule mwalimu tuliyeelekezwa na daktari. Hamnyang'anyi mfuniko. Anachukua wa kwake, anauzungusha pembeni yake, mpaka siku moja Tuli akasimamisha wake ili atazame wa mwalimu. Baadaye mwalimu anauinua mfuniko karibu na uso wake mwenyewe, anasema "Tuli" mara moja tu, na anasubiri. Kusubiri ndiyo kazi kubwa. Mimi nashindwa, natamani kusema tena. Nilimwambia habari ya taa, nikadhani atakataza. Alisema, "Kwa nini? Anaipenda. Chukueni tochi, ishikeni karibu na uso." Hatuahidiwi kitu. Amesema huenda akaongea, huenda akaongea kwa picha na ishara, na vyote ni kuongea.

Plasta ya dada imetolewa. Tunarudi Jumamosi na lori, tutafika jioni.

Nina hofu moja. Mwalimu anasema jina lake alisikie kila siku, mahali palipotulia, na watu wasiozidi wawili. Baba Tuli, mahali hapo ni wapi kwetu? Chumbani kwetu ukuta unatetemeka. Sikuombi ufunge mashine, najua ndiyo inayotulisha na kuna jirani anayesubiri wateja wako. Nakuuliza tu, kwa sababu mimi nimefikiri nimeshindwa.

Mkeo

30 Juni

Mama Tuli,

Mama hajanisemesha siku tatu, ila leo asubuhi nilimkuta ameketi sakafuni jikoni, anajifunza kuzungusha mfuniko. Nilipita kama sijaona. Anasema sufuria zetu ni mbovu, hazizunguki vizuri. Fundi amekwenda kutafuta nyingine.

Yule mama wa pumba aliniuliza Tuli yuko wapi. Nikamwambia, binti yangu ana usonji, yuko kwa mwalimu. Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, mstari wote ukasikia. Akafikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo leo unga wangu utakuwa laini au utaninyima tena?" Basi. Ndivyo ilivyopita.

Tochi nimenunua. Najaribu kuishika karibu na uso mbele ya kioo, naonekana mwizi.

Kuhusu swali lako. Nimebandika karatasi mlangoni pa mashine, "Jioni hatusagi", Fundi ameikaza kwa misumari. Wateja wanaisoma na kunung'unika, na wawili wameshakwenda kwa jirani. Waende.

Jumamosi dereva atawashusha kwenye kona kama kawaida, mtembee kidogo. Mkikaribia mtasikia ndege, na mtasikia viatu vyenu. Msishtuke. Mashine haijaharibika.

Baba Tuli